Wakimbiaji wa Ridhaa

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilipewa Ijumaa saa moja usiku nikiwa bado na koti, mifupa bado inatetemeka baada ya kukaa kwa matatu kutoka Nairobi hadi Eldoret, halafu nyingine kutoka Eldoret hadi Iten. Juu kabisa iliandikwa Fomu ya Ridhaa. Chini yake kulikuwa na maneno mengi madogo: kwamba nimekuja kwa hiari yangu, kwamba moyo wangu hauna shida ninayoijua, kwamba nikivunjika mguu kwenye murram ya Elgeyo Marakwet sitamlaumu mtu. Halafu mahali pa kuweka sahihi. Halafu jina na namba ya mtu wa karibu.

Niliandika namba ya mama. Nikasaini, lakini peni ilinibaki mkononi kwa muda, mpaka jamaa aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akakohoa. Hilo neno ridhaa lina historia yake nyumbani kwetu. Nitaifikia.

Tulikuwa watu 19. Mhasibu kutoka Kilimani, muuguzi wa zamu za usiku kutoka Thika, kijana wa boda boda aliyekuwa na mbio kuliko sisi wote na hakujua, mume na mke waliovaa viatu vya rangi moja, na mzee wa miaka 61 aliyetuambia kwamba daktari alimpa kuchagua kati ya vidonge na viatu, naye akachukua vyote viwili. Hakuna hata mmoja aliyekuja kutafuta medali. Tulikuwa wale watu unaowaona Karura Jumamosi wakisimamisha saa kila wakisimama kupumua. Tulilipia wikendi moja ya kufundishwa kukimbia, kitu ambacho shangazi yangu alikiona cha ajabu sana. “Unalipa pesa ufundishwe kukimbia? Kwani unafukuzwa na nani?”

Kocha wetu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkimbiaji mstaafu, mwembamba bado, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la tatu. Asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili, giza bado lipo na baridi inauma masikio, alitupanga kando ya barabara na kusema sheria ilikuwa moja tu. Ukishindwa kumaliza sentensi ukiwa unakimbia, unakimbia haraka mno. Punguza.

Nilidhani ni utani. Mimi huwa nafanya kilomita 10 Nairobi bila kulalamika. Lakini Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa unayovuta ina oksijeni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na ya Mombasa. Baada ya dakika nne sentensi yangu ilikuwa “mimi naitwa” na haikuendelea. Kocha alipita kando yangu kama mtu anayeenda dukani. “Polepole, binti. Hapa hata mabingwa wanaanza polepole.”

Na ni kweli. Hicho ndicho kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni. Makundi yalikuwa yakitupita, wanaume thelathini, arobaini, wanawake saba, hakuna anayeongea, na unasikia viatu tu kwenye murram. Lakini wale walioanza pamoja nasi palepale barabarani walianza mwendo wa bibi harusi. Kasi ilikuja baadaye, kidogo kidogo, na ilipokuja hatukuwaona tena. Watoto wawili wa shule waliovaa sweta na mabegi mgongoni walikimbia nasi kwa kilomita nzima, wakatuchoka, wakaenda zao.

Baada ya chai (chai ya Iten ina maziwa kuliko maji, na hilo halina mjadala) tuliketi kwenye nyasi, na Kocha akauliza nani kati yetu ni mkimbiaji. Hakuna aliyeinua mkono. Hata mzee wa 61, ambaye kwa mambo mengine hakuwa na aibu hata kidogo.

“Sawa,” akasema. “Nyinyi ni wa ridhaa.”

Kijana wa boda boda akauliza maana yake. Kocha akafikiri kidogo. “Ni mtu halipwi.”

Jibu hilo ni sahihi, lakini limeacha nusu ya hadithi nje. Sisi tuliokua tukisikiliza habari za michezo redioni tunalijua neno hilo kutoka kwa ndondi za ridhaa. Tulidhani ni aina ya ndondi. Ridhaa ni kukubali, ni radhi, ni mtu kusema ndiyo kwa moyo wake. Anayecheza kwa ridhaa anacheza kwa sababu amependa. Waingereza nao walichukua neno lao kutoka kwa Wafaransa, na lilimaanisha mtu anayependa kitu. Hadi hapo ni neno tamu. Shida ni walivyolitumia.

Katika karne ya 19, mabwana wa London walipoanza kuandika kanuni za riadha, waliandika kwamba mtu wa ridhaa ni muungwana. Klabu yao ya mwaka 1866 ilimfungia nje fundi na kibarua, yaani mtu yeyote anayetumia mikono kutafuta unga. Sababu waliyotoa ni kwamba kazi ya mikono inampa mtu nguvu zisizo za haki. Mimi naona sababu yenyewe ilikuwa nyepesi zaidi: muungwana hakutaka kushindwa na muuza maziwa mbele ya wachumba wake. Mwaka 1880 chama kipya cha riadha cha Uingereza kilifungua mlango kwa watu wa tabaka zote. Kufungia watu kwa sababu ya kazi yao kukaisha kwenye karatasi, lakini marufuku ya pesa ikabaki. Unaweza kukimbia hata kama ni fundi, ila usilipwe. Ambayo, ukifikiria, inamfaa sana mtu ambaye tayari ana pesa.

Shirikisho la dunia lililoundwa mwaka 1912 lilibeba neno hilo ndani ya jina lake, likabaki nalo hadi 2001. Miaka 89.

Kanuni hiyo ndiyo iliyofika Kenya pamoja na koloni. Riadha ya kisasa, ile ya njia zilizochorwa chokaa na saa ya kusimamisha, ilitujia kupitia shule za misheni, jeshi, polisi na magereza. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, nacho kilikuwa na ridhaa katika jina lake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Kwa hiyo fikiria 1954: huku maelfu ya Wakenya wamefungwa kambini bila mtu kuwauliza wameridhia nini, wanaume wachache wanapelekwa ng’ambo kuonyesha jinsi koloni linavyonawiri.

Mmoja wao alikuwa Nyandika Maiyoro kutoka Kisii. Julai 1954 alikimbia maili 3 London, katika uwanja wa White City, bila viatu, na akaondoka kwa kasi ambayo watazamaji walidhani ni ujinga. Alimaliza wa tatu. Wiki chache baadaye, Vancouver, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya wakati huo, alikuwa wa nne. Miaka miwili baadaye akawa wa saba katika mita 5,000 za Olimpiki ya Melbourne. Leo ukimuuliza mtu Nairobi nani alikuwa wa kwanza, atakutajia Kipchoge Keino. Sio kosa lake, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini nataka tukumbuke kwamba jina la kwanza kubwa la mbio ndefu Kenya lilikuwa la Mgusii, na dhahabu zetu za kwanza za Jumuiya ya Madola, Perth 1962, yadi 100 na yadi 220, zililetwa na Seraphino Antao, Mgoa mzaliwa wa Mombasa. Mwanambio wa mbio fupi! Ndiye aliyebeba bendera yetu Tokyo mwaka 1964, tulipoingia Olimpiki mara ya kwanza kama nchi huru. Hiyo hadithi ya kwamba mbio ni damu ya watu wa mlima mmoja ilikuja baadaye, na imewafaa zaidi wauza viatu.

Halafu Mexico City, 1968. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia yetu inapoingia.

Tarehe 13 Oktoba 1968, Naftali Temu alishinda mita 10,000. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Wiki moja baadaye, Keino, akiwa na ugonjwa wa kibofu cha nyongo na akiwa tayari ameanguka ndani ya mbio hizohizo za 10,000, alikwama kwenye jam akielekea uwanjani, akashuka kwenye basi na kukimbia safari iliyobaki. (Mtu wa Thika Road anaelewa.) Akafika, akashinda mita 1,500 kwa 3:34.9, huku Jim Ryun wa Marekani, aliyetarajiwa kushinda, yuko nyuma kama mita 20. Amos Biwott naye akashinda mbio za kuruka viunzi na maji.

Hao wote walikuwa wa ridhaa. Keino alikuwa polisi, Temu mwanajeshi. Mshahara wao ulikuwa wa gwanda, mbio zilikuwa za heshima. Serikali ilipata wimbo wa taifa ukipigwa mbele ya dunia nzima, na wao wakapata vyeo vidogo na kupokewa kwa ngoma uwanja wa ndege. Waliopewa mashamba walishukuru. Mwenye akili ya biashara kama Keino alijiunga mwaka 1973 na kikundi cha Wamarekani waliolipa wakimbiaji waziwazi, na kwa hatua hiyo akafunga mlango wake wa Olimpiki. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na hakukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Ridhaa ya nani? Sijui kama kuna aliyemwita mkimbiaji yeyote chumbani kumuuliza.

Basi. Babu yangu mzaa mama, sokoro, alikuwa mtu wa Nyamira, na Temu alikuwa mtu wa kwao. Siku habari za Mexico zilipofika, babu alikuwa kwa jirani mwenye redio. Alirudi nyumbani usiku akiimba. Hilo nimesimuliwa na watu wanne tofauti na wote wanaongeza kitu, kwa hiyo sitaapa kuhusu mbuzi aliyechinjwa. Lakini ng’ombe dume aliyezaliwa mwaka huo aliitwa Temu, hilo halina ubishi, kwa sababu mama yangu alikuja kumchunga. Mama alizaliwa mwaka mmoja baadaye, na alikua akikimbia nyuma ya fahali mwenye jina la bingwa wa Olimpiki.

Mama alikuwa na mbio. Sijawahi kumwona akikimbia, nimesikia tu. Shule ya msingi alishinda hadi tarafa. Mwaka 1984, akiwa na miaka 15, alishinda mita 1,500 za wilaya na akachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya mkoa, Kisumu, kulala huko siku tatu. Mwalimu wa michezo akampa karatasi ya kupeleka nyumbani, mzazi aweke sahihi. Karatasi ya ridhaa.

Babu alikataa. Mtu aliyeita ng’ombe wake Temu alisema msichana wake hawezi kwenda kulala mji wa watu na kukimbia na kaptura mbele ya wanaume. Hakupiga kelele. Alirudisha tu ile karatasi mezani na kuuliza kama chakula kiko tayari.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoijua mimi hadi Jumamosi ile ya Iten. Nilikuwa nimeikasirikia muda mrefu, na nilikuwa nimeipanga vizuri kichwani: babu mbaya, mama aliyeonewa, mimi niliyekuja kulipiza kwa viatu vya bei. Lakini ukisoma historia yenyewe, babu hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake waliovaa suti. Wakuu wa Olimpiki waliwaruhusu wanawake kukimbia mita 800 mwaka 1928, wakasema wameona wanawake wakizimia, wakaifuta mbio hiyo hadi 1960. Miaka 32. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles, 1984. Mwaka uleule wa karatasi ya mama.

Na Kenya je? Wanawake wetu wa kwanza wa Olimpiki walikuwa watatu, Mexico 1968: Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire. Walikuwa kwenye timu moja na Temu na Keino. Niambie ukweli, ulishawahi kusikia majina hayo shuleni? Mwaka 1974, huko Christchurch, Sabina Chebichi alileta shaba ya mita 800, akiwa bado msichana mdogo, na gazeti likamkumbuka zaidi kwa kuwahi kukimbia na petikoti kuliko kwa muda wake. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mkenya, fedha ya Pauline Konga katika mita 5,000, ilikuja Atlanta 1996. Dhahabu ya kwanza, Pamela Jelimo, Beijing 2008. Kutoka Temu hadi Jelimo ni miaka 40. Watu hupenda kusema wanawake wa Kenya “wamechipuka” siku hizi, kana kwamba ni uyoga. Hawakuchipuka. Karatasi zao zilikuwa mezani.

Jumamosi mchana tulipelekwa kuona Kamariny, uwanja wa zamani ukingoni mwa bonde, ambapo mabingwa kibao walifanya mazoezi kwenye njia ya udongo. Ujenzi mpya ulianza 2017, ukakwama kwa miaka. Mzee wa 61 alitaka picha, akapiga, akaiangalia, akaifuta. Tukaendelea hadi mahali unapoona Bonde la Kerio lote chini yako, na hapo hata wale wa kupiga selfi walinyamaza kwanza.

Kocha alikaa kwenye jiwe na kutuambia jinsi alivyoanza. Miaka ya tisini msichana akiingia kambini alikuta wanaume wanafanya mazoezi na kupumzika, na yeye anafanya mazoezi na kupika. Wanaume wakilala mchana yeye anafua. Ndiyo maana Lornah Kiplagat, alipopata pesa za mbio, alianzisha kambi hapa Iten mwaka 1999 kwa ajili ya wasichana kwanza, ili mtu akitoka mazoezini aweze kuinua miguu ukutani na asiulizwe ugali uko wapi. Watalii wanaiona kama hoteli yenye bwawa la kuogelea. Kocha aliiona kama mahali pa kwanza alipolala mchana bila kujiona mvivu.

Pesa. Hapo ndipo neno ridhaa liligeuka tena. Shirikisho la dunia lilianza kulegeza kamba mwaka 1982, likaruhusu mkimbiaji kuwekewa pesa kwenye mfuko wa amana. Mwaka 1997 mabingwa wa dunia wakaanza kupewa zawadi za fedha taslimu. Mwaka 1994 Tegla Loroupe alishinda New York Marathon, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufanya hivyo, na ghafla kule nyumbani msichana mwenye mbio akawa na thamani ambayo hata baba mkaidi aliweza kuihesabu. Sahihi zikaanza kupatikana haraka. Lakini kama uliwahi kudhani pesa ingemaliza habari, kumbuka Agnes Tirop. Septemba 2021 aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata, 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani kwake hapa Iten. Alikuwa na miaka 25. Ilikuwa miaka 53 kamili tangu dhahabu ya Temu, tarehe ileile, ingawa sikumbuki mtu yeyote akilitaja hilo. Wenzake waliunda Tirop’s Angels ili msichana anayenyanyaswa awe na mahali pa kupiga simu. Kocha alitamka jina lake mara moja tu, akiangalia bonde, halafu akasimama na kusema tunyooshe misuli ya paja.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilitaka tu kumwambia nimefika salama na kwamba namba yake iko kwa fomu, asishtuke mtu wa Iten akimpigia.

“Fomu gani?”

Nikamweleza. Akanyamaza. Kwa mama yangu kunyamaza kwenye simu ni jambo zito, kwa sababu ni yeye aliyenipigia na anajua gharama yake. (Alikuwa amekata na kunipigia tena. Haamini bando za watoto.)

“Na nani amesaini?”

“Mimi mwenyewe, mama. Ni mtu mzima anajisainia.”

“Aha.”

Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Baba yake alipoirudisha ile karatasi mezani, haikukaa hapo. Mama yake, magokoro, aliichukua usiku. Hakujua kuandika. Asubuhi alimwamsha mama mapema, akamwambia apake wino wa peni kwenye kidole gumba chake, na akabonyeza pale kwenye mstari. Alibonyeza vibaya, ikatoka doa, akabonyeza tena kando. Mama akaenda shule na karatasi yenye vidole viwili vya mtu mmoja.

Shule ikakataa. Mwalimu alisema mzazi maana yake ni baba, na baba anajua kuandika, kwa hiyo kidole hiki ni cha nani? Timu ikaenda Kisumu bila yeye. Msichana aliyekuwa wa pili wilaya alienda badala yake, na mama alimpa kaptura yake kwa sababu huyo hakuwa nayo.

“Magokoro alijua ilikataliwa?”

“Hapana. Nilijificha kwa dada yangu siku tatu. Nikarudi nikamwambia nilikuwa wa nne.”

“Kwa nini wa nne?”

“Wa tatu angeuliza medali iko wapi.”

Sikulala vizuri. Kwa kiasi fulani ni mwinuko, watu wengi hulala vibaya usiku wa kwanza na wa pili, Kocha alikuwa ametuonya. Lakini nilikuwa nafikiria kile kidole. Nimesoma vitabu na makala za mbio za Kenya, kuna wazungu wengi waliopima ndama za miguu yetu na kuhesabu kilomita ambazo watoto hutembea kwenda shule. Kuna hoja za mwinuko, za ugali, za miguu myembamba. Sijaona aliyehesabu karatasi zilizorudishwa.

Jumapili ilikuwa mbio ndefu. Kwa wenyewe ndefu ni kilomita 30 na zaidi, sisi tulipewa 14, kupitia msitu wa Sing’ore na kurudi. Kocha alitukumbusha tusijidanganye. Wikendi moja haikupi damu mpya. Mwili unahitaji wiki kadhaa huku juu kabla haujaanza kutengeneza chembe nyekundu za kutosha kuleta tofauti. “Mtarudi Nairobi mkiwa walewale,” akasema. “Ila mtakuwa mmejua kwenda polepole.”

Nilienda polepole. Msituni kulikuwa na ukungu na harufu ya misonobari, na kwa mara ya kwanza niliweza kumaliza sentensi. Muuguzi wa Thika alikuwa kando yangu, tukaongea kilomita sita nzima kuhusu zamu, kodi ya nyumba, na mwanamume mmoja ambaye sitamtaja hapa. Kilima cha mwisho tulitembea. Kijana wa boda boda alikuwa ameshafika kitambo, na Kocha alikuwa amemshika bega, akimuuliza ana miaka mingapi na anaishi wapi, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza bei ya ng’ombe bila kutaka muuzaji ajue ameshampenda. Mzee wa 61 alikuja wa mwisho, tukampigia makofi, akakasirika kwamba tumempigia makofi.

Kwa matatu ya kurudi, mahali fulani baada ya Nakuru, simu iliita.

“Hizo mbio zenu za Nairobi,” mama akasema, bila salamu, “wanachukua watu wa umri gani?”

Nikamwambia wanachukua wote. Kuna kilomita 5, watu wanatembea, wanakimbia, wengine wanakuja na watoto mgongoni.

“Na hiyo fomu, wanataka ya mzee?”

Mzee ni baba yangu. Nilimsikia nyuma akiuliza ni fomu gani inaongelewa.

“Hapana mama. Ni wewe tu.”

“Mh.” Akafikiri. Nilisikia jogoo, na redio. “Na viatu ni lazima? Kwa sababu hizi raba za kanisani zimeisha.”

Nikamwambia nitamnunulia, yeye ni namba 39, sivyo? Akasema 40, miguu imefura tangu anizae mimi. Halafu akauliza viatu vya kukimbia ni pesa ngapi siku hizi.

Nikamdanganya. Nilimwambia elfu moja na mia mbili, na hata hapo akasema ni wizi.